Hamaki si kinyongo: mhadhara kwa wasimamizi wa zamu, Nairobi

Hamjambo. Najua baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku na wengine mnaingia kazini saa nane, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Muulize mfanyakazi wa mji huu ana nini, atakujibu: "Nina stresi." Aliyekatwa mshahara ana stresi. Aliyefokewa mbele ya wenzake ana stresi. Anayengoja kujua kama mkataba wake utaongezwa, naye ana stresi. Neno limebebeshwa mizigo mingi mno, na msimamizi akilisikia hajui ashike wapi. Anajibu "jikaze", basi, mazungumzo yameisha.

Kiswahili hakina uhaba huo. Tuna kero, hamaki, hasira, ghadhabu, uchungu, kinyongo, aibu, fedheha, wasiwasi, hofu, wivu, kijicho. Kila moja lina dawa yake, na hilo ndilo linalonileta hapa leo.

Hamaki ni mwako wa ghafla. Hupanda upesi na kushuka upesi, kwa hiyo dawa yake ni kungoja. Kinyongo ni hasira iliyowekwa akiba, ukingoja unakilea. Msimamizi anayesema "wacha kwanza apoe" juu ya mtu mwenye kinyongo cha miezi mitatu anaongeza kosa kila siku inayopita. Huyo anataka apangiwe siku na saa, asikilizwe. Wasiwasi nao hautulizwi kwa maneno matamu, unatulizwa kwa habari: tarehe, kiasi, nani mwenye uamuzi. Kama jibu huna, sema utalipata siku gani, na siku hiyo urudi hata kama bado huna. Fedheha ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu ina mashahidi. Nitaifikia.

Wataalamu wa saikolojia nao walianzia hapo hapo. Peter Salovey na John Mayer waliieleza akili ya hisia, yaani uwezo wa kuzijua hisia na kuzimudu, katika makala ya 1990, na mwaka 1997 Mayer na Salovey wakaipanga kwa matawi manne: kutambua hisia, kuzitumia katika kufikiri, kuzielewa, na kuzimudu. Kumudu kumekuja mwisho. Semina nyingi za ofisini huanzia huko mwisho, zikamfundisha mtu kutuliza kitu ambacho hajakijua jina. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakitazama nyuso zenye hisia kali. Watazamaji walipochagua neno la hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka upesi, ilitulia zaidi kuliko walipochagua tu jina linalomfaa mtu yule.

"Jikaze" ina gharama yake. James Gross na wenzake waliwaonyesha watu filamu na picha za kusikitisha au kuchukiza, wengine wakaagizwa wasionyeshe chochote. Nyuso zilitulia kweli, lakini ndani mwili ulizidi kufanya kazi, na mambo waliyoambiwa wakati huo waliyakumbuka kwa upungufu. Sasa fikiria: umemfokea fundi, ameuma meno, na papo hapo unamweleza hatua tano za kuzima mashine. Kesho akikosea hatua ya nne utasema hasikii. Alikuwa anatumia nguvu zake kukuficha uso.

Hamaki ikiwa ni yako mwenyewe, anza na dalili za mwili kwa sababu ndizo hutangulia: masikio kupata moto, taya kukaza, sauti kupanda. Vuta pumzi kwa sekunde nne, itoe kwa sekunde sita. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Fanya kwa dakika mbili au tatu. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi kwa haraka, kisha kizunguzungu kinawapata na wanasema njia hii haifai. Kazi iko kwenye kutoa pole pole. Na usizitumie dakika hizo kufungua WhatsApp, maana huko ndiko kulikokuudhi.

Sasa tuje kwenye kumrekebisha mtu, ambako ndiko wasimamizi wengi huharibu. Kabla hujamwita, andika sentensi moja ya mambo yaliyotukia: "Jumatatu ulifika na dakika 25 za kuchelewa, Jumatano 40, Ijumaa 30." Ukiona umeandika "mvivu", "hajali" au "kila siku", futa. Hayo ni maoni yako, na yeye atajibishana na maoni badala ya kuzungumzia saa. Ongeza sentensi ya pili ya athari: aliyemaliza zamu alibaki mashinani hadi alipofika yeye. Kisha uliza.

Namna ya kuuliza ina uzito. "Mbona umechelewa?" tayari ni hukumu, neno mbona limekwisha kunyoosha kidole. "Kwa nini" nalo humfanya mtu atafute kisingizio. Jaribu "Ilikuwaje?" au "Kumetokea nini?" Halafu nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Wengi hatufiki tatu, tunajijibu wenyewe: "Ama ni jam ya Jogoo Road tena?" Umempa jibu, atalichukua, na sababu yenyewe, labda mtoto mgonjwa, labda amehama nyumba, hutaijua kamwe.

Jambo jingine ni lugha. Kuna msimamizi ambaye akiwa radhi huongea Kiswahili, akikasirika anahamia Kiingereza. Wafanyakazi wameshamsoma: Kiingereza kikianza, kila mtu anatafuta pa kuinamisha macho. Mwingine hukimbilia lugha ya kwao na mmoja wa wafanyakazi, na wale waliobaki nje wanajua wanasengenywa hata kama hawasengenywi. Lugha uliyoanza nayo, maliza nayo.

Na kundi la WhatsApp la kazini lisiwe mahakama. Sifa ziandikwe humo. Kosa lizungumzwe kwa sauti, ana kwa ana, au kwa simu ikibidi. Ujumbe ulioandikwa saa nne usiku uwekwe hadi asubuhi. Usiandike jina la mtu kwenye nafasi ya mpokeaji, kidole kisije kikateleza.

Kufuta mtu kazi kwa hamaki kuna bei, tena bei iliyoandikwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikilize majibu yao. Kifungu cha 44 kinataja matusi kwa mkubwa wa kazi miongoni mwa makosa makubwa, lakini hata hapo kusikilizwa hakurukwi. Korti ikiona haki haikufuatwa, kifungu cha 49 kinairuhusu kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. "Toka, na usirudi!" ni maneno matatu tu.

Wa mapokezi, wa kaunta na wa simu wana mzigo wao. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliuandikia mwaka 1983 akiwatazama wahudumu wa ndege: kuvaa tabasamu ni kazi, na kazi huchosha. Baada ya mteja mwenye matusi, mtoe mhudumu dakika tano, amwachie mwenzake nafasi. Mpange kwa zamu ili asikae dirisha la malalamiko siku nzima.

Niseme pia kwamba kinyongo cha mtu ambaye hajalipwa saa za ziada hakimo katika mada hii. Huyo mlipeni. Akili ya hisia ikitumiwa kumfanya mtu atabasamu huku yeye ndiye mdai, huo ni ujanja.

Nilisema nitarudi kwenye fedheha. Umemfokea mtu kwenye mkutano wa asubuhi, watu 14 wakisikia, baadaye ukagundua kosa halikuwa lake. Wengi humwita pembeni, wakasema "pole". Pole ni neno la aliyepatwa na jambo. Hata jirani aliyejikwaa huambiwa pole, na aliyesema hajakiri lolote. "Samahani" inakaribia, ila ndiyo hiyo hiyo tunayotumia kupita katikati ya watu kwenye matatu. "Samahani, lakini nawe..." imejifuta yenyewe. Neno ni "nimekukosea". Na mahali pake ni pale pale fedheha ilipotokea, mbele ya wale wale 14: "Jana nilimfokea mwenzenu juu ya hesabu ya stoo. Hesabu ilikuwa sawa, mimi ndiye niliyesoma karatasi ya juzi. Nimekukosea." Usieleze ulivyokuwa umechoka, wala usimtake akujibu hapo hapo mbele za watu. Ukishasema, gawa kazi za siku.