DOS Ilivyopakia Programu Kwenye Kumbukumbu
(Mhadhara uliotolewa Ngamiani, Tanga)

Asalaam aleikum wazazi wangu, na vijana hamjambo.

Nianze na faili la COM, aina sahili ya faili la programu. MS-DOS ya mwaka 1981, mfumo endeshi wa Microsoft (DOS kwa kifupi), ilirithi mtindo huu kutoka CP/M, mfumo endeshi wa kabla yake wa Gary Kildall. Faili hili halina utangulizi wowote. Ni maagizo ya kichakataji matupu. DOS inatafuta nafasi kwenye kumbukumbu, inatenga baiti 256 za mwanzo kwa taarifa zake, inamwaga faili zima baada ya hapo, kisha inaiachia programu mashine.

Sasa tazameni hapa kwa makini. Kabla ya kuiachia, DOS inaweka sifuri kwenye steki, sehemu ya kumbukumbu ambako kichakataji huchukua anwani za kurejea. Programu ikimaliza kwa agizo la kurudi, kichakataji kinaichukua ile sifuri kuwa ndiyo anwani ya kurejea, kinaangukia mwanzo kabisa wa zile baiti 256. Na pale zimewekwa tayari baiti mbili, CD na 20 (kwa namba za msingi wa 16), agizo la kuirudishia DOS mashine. Baiti mbili tu, vijana! Ufundi wa namna hii naupenda kupita kiasi.

Tatizo, COM yote lazima ienee ndani ya segmenti moja, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu cha kilobaiti 64. Programu kubwa zikahitaji aina nyingine ya faili, EXE, na hapo ndipo penye kazi. Aliyeandika programu hajui itapangiwa wapi. Ni kama kumwelekeza mgeni hapa Ngamiani "nyumba ya tano kutoka kona" bila kumtajia barabara ya ngapi. Kwa hiyo EXE huandikwa kana kwamba itakaa segmenti ya sifuri, na mwanzoni mwake hubeba orodha ya kila mahali palipotajwa namba ya segmenti. DOS ikishaipakia, inaipitia orodha ile na kujumlisha. Palipoandikwa 3, kama programu imewekwa segmenti ya 2000, panakuwa 2003. Hapo ndipo inaanza kukimbia.

Ulinzi haukuwepo. Programu yoyote iliweza kuandika juu ya DOS yenyewe, na mashine ikaganda.

Leo usiku fungueni faili lolote la EXE la Windows kwa kihariri cha baiti. Herufi mbili za kwanza ni MZ, za Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft. Nyuma yake kwa kawaida kuna kijiprogramu cha DOS, kizima, chenye kazi moja: kumwambia mtumiaji kwamba programu hii haiendeshwi kwenye DOS.

Karibuni kwa maswali.