Mita Moja Kutoka Ukingoni: Mhadhara kuhusu Kuendesha Baiskeli katika Foleni za Dar es Salaam

Mabibi na mabwana, wakubwa zangu shikamooni. Nawashukuru kwa kufika asubuhi hii ya Jumamosi, na nawashukuru zaidi mliokuja na baiskeli zenu, kwa kuwa baada ya mazungumzo haya tutazihitaji huko nje uwanjani.

Nimeombwa nieleze namna ya kwenda kazini na kurudi salama kwa baiskeli katika jiji letu, na nimeamua kuanza na jambo ambalo kwa maoni yangu linatangulia kofia ngumu, taa na kengele, nalo ni mahali mwendesha baiskeli anapojiweka barabarani. Mtazameni mtu yeyote anayeteremka Barabara ya Morogoro kutoka Kimara saa 12 na nusu asubuhi. Amebana kushoto kabisa, tairi lake linapita kwenye mchanga uliolala ukingoni mwa lami, mabega ameyakunja, na kila honi inapolia nyuma yake anazidi kusogea mtaroni. Anafanya hivyo kwa unyenyekevu, kwa sababu amekua akiamini kwamba barabara ni mali ya wenye injini na kwamba yeye anapita kwa hisani yao. Ninauheshimu unyenyekevu wake, lakini nasema bila kuficha kwamba ndio unaomweka hatarini.

Ukingo wa lami ni mahali pabaya. Hapo ndipo mvua inapokusanya mchanga, kokoto na vipande vya chupa, hapo ndipo mifuniko ya mitaro inapokosekana, na hapo ndipo lami inapokatika ghafla na kuuacha udongo chini yake. Aliyebana huko akikutana na shimo hana pa kukimbilia isipokuwa kuchepuka kulia, mbele ya gari ambalo dereva wake hakutarajia kumwona akihama. Na dereva naye, akimwona mtu yuko ukingoni, humhesabu kuwa hayumo barabarani. Hapunguzi mwendo wala hazungushi usukani, anapita tu, na kioo chake cha pembeni kinapita karibu na kiwiko cha mwenzetu. Mtu huyohuyo akiwa mita 1 kutoka ukingoni, dereva analazimika kuamua mapema, akiwa bado mbali, kama atahama kidogo ili apite au atasubiri. Na ikitokea dereva asiye na subira akapita karibu mno, ile mita iliyobaki kushoto ndiyo akiba yetu ya kusogea bila kuanguka.

Nisieleweke kwamba nawashauri mkae katikati ya njia kila mahali. Katika Barabara ya Mandela, ambako malori ya kutoka bandarini hupita mchana na usiku kuelekea Ubungo, mimi binafsi hutafuta njia ya pembeni au mitaa ya ndani, hata kama nitaongeza dakika 10. Katikati ya njia tunapahitaji kwa muda mfupi na kwa sababu inayoeleweka: pale njia inapobana kiasi kwamba gari haliwezi kupita nasi kwa nafasi ya kutosha, tunapokaribia makutano, tunapoingia kipilefti, na tunapopita magari yaliyoegeshwa. Katika magari ya kwetu mlango wa dereva uko kulia, kwa hiyo gari lililosimama kushoto mwa barabara hufungua mlango wake upande uleule tunaopita sisi. Acheni nafasi ya mlango mzima uliofunguliwa, na zaidi kidogo. Wale mnaoendesha magari siku nyingine, fungueni mlango kwa mkono wa kushoto, kwa maana mkono huo huugeuza mwili wote na macho huangalia nyuma bila kukumbushwa.

Anayetaka kuhama kutoka ukingoni kwenda katikati lazima aweze kutazama nyuma, na huu ndio ufundi ambao wengi wetu hatukufundishwa. Kichwa kinapogeuka kulia, bega hufuata, mkono huvuta usukani, na baiskeli huhama kuelekea kulekule tunakotazama, yaani kwenye magari. Dawa yake ni kulegeza viwiko, kuuacha mkono wa kushoto ubebe usukani, kisha kugeuza kidevu hadi kifike begani huku kifua kikiendelea kutazama mbele. Tunatazama nyuma kwanza, tunanyoosha mkono kuonyesha tunakokwenda, tunatazama tena, ndipo tunahama. Ile mara ya pili ya kutazama ina faida isiyosemwa sana: dereva akiuona uso wetu hutambua kwamba mbele yake kuna mtu, na mara nyingi hupunguza mwendo.

Sasa nizungumzie daladala, kwa kuwa ndizo tunazoshiriki nazo njia kila siku na ndizo zinazosomeka kwa urahisi kuliko magari yote. Daladala husema kabla ya kutenda. Abiria akisema "shusha", konda hupiga bodi kwa kiganja, na kutoka kwenye mlio ule hadi gari kukata kushoto huwa ni sekunde 2 au 3. Konda akiwa amening'inia mlangoni huku akitazama chini, anajiandaa kuruka. Mbele yake watu wawili watatu wakitoka kivulini na kusogea kwenye lami, basi kituo kipo hata kama hakuna kibao. Mwendesha baiskeli anayeyaona haya mapema huacha kukanyaga pedeli, hutazama nyuma, na ama hubaki nyuma ya daladala hadi imalize, ama huipita kwa upande wa kulia akiwa na nafasi. Kupita kushoto, kati ya daladala na kituo, ni kujiingiza mahali ambapo mlango unafunguka, abiria wanashuka bila kutazama, na gari lenyewe bado linasogea.

Kuhusu malori nitatumia muda zaidi, maana hapa kosa moja halirekebishiki. Miaka kadhaa iliyopita, jioni, nilikuwa natokea Buguruni katika foleni iliyosimama kabisa, nami nikawa napenya kushoto kati ya lori lenye tela na mtaro. Nilikuwa nimefika usawa wa magurudumu ya mbele ya tela foleni ilipoanza kusogea. Dereva alikuwa anakata kushoto. Kichwa cha lori kilianza kwa kwenda kulia, nikadhani ananiachia nafasi, kumbe alikuwa anatafuta upana wa kulizungusha tela. Kisha yale magurudumu yakaanza kuja kwangu taratibu, bila kishindo. Nililiacha baiskeli langu na kurukia mtaroni. Gurudumu la nyuma la baiskeli lilikunjwa kama kipande cha bati, na dereva hakujua lolote hadi watu walipompigia kelele.

Simlaumu. Dereva wa lori kwetu anakaa kulia na juu, na ubavu wote wa kushoto chini ya dirisha la utingo ni eneo asiloliona. Tela nalo halifuati njia ya kichwa: magurudumu yake ya nyuma hukata kona kwa ndani, kwa hiyo nafasi iliyoonekana pana wakati lori limesimama hutoweka lori linapokata. Tatizo hili ni kubwa hata katika miji yenye barabara nzuri kuliko zetu. London, ambako pia wanaendesha kushoto, tangu mwaka 2021 malori makubwa hayaruhusiwi kuingia bila kibali kinachozingatia kiasi ambacho dereva anaweza kuona kutoka kitini kwake. Sisi hatuna kibali cha namna hiyo, hivyo kipimo chetu kiwe hiki: kama huuoni uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Kaa nyuma yake. Foleni ikisimama, usipenye kushoto kwa lori hata kama ofisini wanakusubiri.

Kukata kulia katika makutano makubwa kunawatisha wengi, na hofu hiyo ina sababu. Asiyejiamini asijilazimishe kuvuka njia mbili za magari. Avuke moja kwa moja akiwa kushoto, asimame kwenye kona ya upande wa pili, ageuze baiskeli, na avuke tena pamoja na magari ya upande huo. Anayetaka kushuka na kuisukuma kwenye zebra naye yuko sahihi. Katika kipilefti, wapishe walio tayari ndani wanaotokea kulia kwako, kisha ingia na ushike katikati ya njia yako hadi utakapotoka, kwa sababu anayezunguka akiwa amebana ukingoni hukatwa na kila gari linalotoka kabla yake.

Kuna kishawishi kimoja ambacho lazima nikitaje. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwaka 2016, njia zao huonekana tupu wakati sisi tumebanwa kwenye foleni, na nimewaona vijana wakizitumia. Msifanye hivyo. Utupu ule ndio unaomruhusu dereva wa basi kwenda kwa kasi, na basi refu lenye kiungo katikati halisimami kwa umbali mfupi. Malalamiko yangu kuhusu njia za pembeni tulizojengewa ni makubwa, kwa kuwa tukizifuata tunakutana na meza za biashara na bodaboda zilizoegeshwa, na ninaamini wenye mamlaka wanapaswa kuzisafisha. Lakini kuingia kwenye njia ya mwendokasi si jibu.

Masika yanahitaji maneno yake. Baiskeli nyingi tunazotumia ni zile nzito za chuma, zenye rimu za chuma na breki zinazovutwa kwa vyuma vyembamba. Rimu hizo zikilowa, mipira ya breki huteleza juu ya maji kwa mizunguko kadhaa kabla haijashika. Ukiwa unakwenda kilomita 18 kwa saa unapita mita 5 kila sekunde, hivyo sekunde 2 za breki zisizoshika ni mita 10, na katika mita 10 Kariakoo kuna watu wangapi? Mvua ikinyesha, zibaneni breki kidogo kila mara kabla hamjazihitaji, ili mipira ifute maji. Msiingie kwenye dimbwi ambalo hamwoni chini yake. Na msiiogope breki ya mbele, kwa sababu tunaposimama uzito mwingi husogea mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi na kuteleza. Bana zote mbili, taratibu kisha kwa nguvu, huku ukisogeza kiuno nyuma.

Jua nalo ni suala la usalama. Wanaotoka Kimara kuja mjini huelekea mashariki asubuhi, na jioni hurudi magharibi, kwa hiyo mara zote mbili jua liko machoni pa dereva aliye nyuma yetu, naye hutuona kama kivuli ndani ya mwanga. Washeni taa nyekundu ya nyuma hata mchana. Jioni giza letu huingia haraka, na shati jeupe bila taa halitoshi. Kofia ngumu vaeni, mkijua kwamba husaidia baada ya ajali kutokea, na niliyoyasema hapa ni ya kabla yake.

Kwa akina mama na dada zetu, fungeni vizuri pindo la kanga au baibui mbali na mnyororo na spoku. Kwa anayempakia mtoto kwenye keria, weka ubao au kitambaa kigumu pembeni mwa gurudumu na mahali pa kukanyagia, maana kisigino cha mtoto aliyesinzia huingia kwenye spoku kwa kufumba na kufumbua.

Pale uwanjani nimechora mstari wa chaki wa mita 20. Kila mmoja atapita juu yake taratibu, na akifika katikati atazame nyuma kwa bega la kulia aniambie nimenyoosha vidole vingapi, bila gurudumu kuacha chaki. Wengi watauacha mara ya kwanza, na tutarudia hadi usukani utulie. Kabla ya kupanda, naomba kila mtu abonyeze tairi zake kwa kidole gumba na ajaribu breki zote mbili akiwa amesimama. Karibuni nje.