Mamba Ukutani

MOSI: Haya, tumerudi. Wiki iliyopita mlinisikia naongea peke yangu kama mgonjwa wa malaria, kwa sababu mwenzangu alikuwa Ufaransa anakula jibini. Karibu nyumbani, dada Zuhura.

ZUHURA: Asante, kaka. Na jibini lako nimekuletea. Lipo kwenye friji, mama kaniuliza nani kafia humo ndani.

MOSI: Leo tumewaahidi wasikilizaji mambo matatu kuhusu kutembelea vijiji vya Ufaransa: usafiri, gharama na chakula. Anza na usafiri.

ZUHURA: Nilikwenda Toulouse kwenye semina, hilo mnalijua. Jumamosi nikasema siwezi kurudi Dar nimeona ukumbi na hoteli tu. Nikapanda treni hadi Montréjeau, kusini huko karibu na milima ya Pyrenees. Kutoka stesheni nikapata lifti hadi Saint-Bertrand-de-Comminges. Kijiji chenyewe watu 300 hawafiki, Mosi, lakini juu ya mwamba limekaa kanisa kuu unaloliona ukiwa bado mbali kabisa. Unajiuliza, hili waliwajengea nani?

MOSI: Waliwajengea nani?

ZUHURA: Zamani palikuwa na mji. Pompey, jenerali wa Kirumi, ndiye anayetajwa kuuanzisha mwaka 72 kabla ya Kristo, na magofu yake yako chini bondeni. Halafu mwishoni mwa karne ya 11 akaja askofu Bertrand, ndiye mwenye jina la kijiji, akajenga kanisa juu. Baada yake akapita askofu mwingine, Bertrand de Got, huyo baadaye akawa Papa Clement wa Tano, yule aliyehamia mji wa Avignon, hukohuko Ufaransa, badala ya kukaa Roma. Kwa hiyo msikione kidogo. Sasa ndani, ukiingia tu, ukutani kuna mamba.

MOSI: Kuna nini?

ZUHURA: Mamba. Wa kweli. Kakaushwa, katundikwa ukutani.

MOSI: Kanisani?

ZUHURA: Kanisani. Ila nilitaka kuzungumzia viti. Kuna viti 66 vya mbao vya mapadri, vilizinduliwa Krismasi ya mwaka 1535, vimechongwa ...

MOSI: Dada, huwezi kuniambia kuna mamba kanisani halafu unipeleke kwenye viti. Kafikaje?

ZUHURA: Wenyeji wana hadithi yao. Eti mamba alikuwa anasumbua bonde zima, analia kama mtoto mchanga, watu wakienda kumwokoa mtoto anawala. Mtakatifu Bertrand akamfuata, akamgusa kwa fimbo yake, mamba akawa mpole, akamfuata hadi kanisani kama mbuzi.

MOSI: Mamba, kwenye milima yenye theluji.

ZUHURA: Ndiyo hapo. Kinachosemwa zaidi ni kwamba aliletwa na mtu aliyerudi kutoka Misri au huko Mashariki, akamweka kanisani kama nadhiri, yaani shukrani kwa Mungu.

MOSI: Wewe viza umeisubiri wiki ngapi?

ZUHURA: Usinikumbushe.

MOSI: Mwenzio kaingia bila kuulizwa hata barua ya benki. Na kapewa makazi ya kudumu.

ZUHURA: (anacheka) Naomba nirudi kwenye viti. Chini ya kila kiti kuna kibao kidogo, ukikunja kiti padri anaegemea huku anaonekana amesimama. Ibada ndefu, wazee wamechoka, fundi akawatafutia ujanja. Hicho kitu nilikipenda.

MOSI: Na mamba anaegemea wapi?

ZUHURA: Mosi! Haya, niseme ukweli. Nilimwonea huruma. Kama hadithi ndiyo hiyo, aliguswa, akatulia, akafuata. Hakupigana. Sasa malipo ya kutii ndiyo kutundikwa karne na karne mbele ya watalii? Mimi ningemshusha, nimzike.

MOSI: Hapana. Abaki palepale.

ZUHURA: Kwa nini?

MOSI: Kwa sababu mamba wa Nile na mamba wa Rufiji ni wale wale. Aina moja. Mimi kwetu Utete, kando ya mto Rufiji. Shangazi yangu alikwenda kuteka maji, ikarudi ndoo. Hatukuzika kitu. Waliomtundika huyo walijua wanachokishukuru.

ZUHURA: Pole, kaka. Lakini huyu hakumla mtu wa pale. Unamhukumu kwa kosa la ndugu yake.

MOSI: Simhukumu. Nasema mtu aliyemwogopa mamba ana haki ya kumtazama akiwa mkavu.

ZUHURA: Wafaransa wale hawajawahi kumwogopa mamba! Ni pambo kwao. Wangekuwa watu wa Utete ningekuelewa.

MOSI: Basi wampeleke Utete tumtundike sisi.

ZUHURA: Huo si utani, unajua.

MOSI: Wala sitanii.

ZUHURA: Mimi bado namzika.

MOSI: Na mimi bado nambakiza.

(kimya)

ZUHURA: Hiyo ni luku inalia?

MOSI: Uniti mbili zimebaki, na kiyoyozi kinakula. Hatujagusa hata gharama.

ZUHURA: Kuingia kanisani bure, viti na ua wa ndani unalipia. Ua una upande mmoja uko wazi unatazama milima, nilikaa pale saa nzima. Chakula, wahini mapema, mchana ukipita jiko limefungwa, mimi nililala na biskuti. Jambo la tatu lilikuwa nini?

MOSI: Usafiri.

ZUHURA: Nilishasema treni.

MOSI: Ngoja. Meno anayo bado?

ZUHURA: Nani?

MOSI: Mamba.

ZUHURA: Sikuangalia meno.

MOSI: Ungekuwa wa Utete ungeanzia hapo.