Kit car: betri ikae wapi, waya zipite wapi

Haya wadau, ile Seven yetu, kigari chepesi cha wazi cha kit car (gari unaloliunga mwenyewe kutoka vipande), tunayoiunga hapa Uingereza leo imefika kwenye umeme, na naomba usikimbilie kununua betri kabla hujajua itakaa wapi.

Kata boksi la karatasi lenye vipimo vya betri unayoitaka, liweke kwenye shelfu nyuma ya injini, funga boneti. Inafunga? Safi. Hapo ndo napapenda sababu waya wa kwenda stata unakuwa mfupi, na stata inavuta zaidi ya ampea 100, sasa waya ukiwa mrefu halafu mwembamba volti zinaishia njiani. Wenye kit car za aina ya Cobra wengi wanaipeleka kwenye buti kubalansi uzito, sio mbaya, ila nunua waya mnene wa milimita mraba 35 au 50, na ile betri ya maji itoe hewa yake nje maana ikichaji inatoa haidrojeni.

Ifunge na bano la chuma na bolti, usiniletee kamba za plastiki. Itikise kwa nguvu, gari ndo licheze, betri hapana.

Sasa waya. Pitisha uzi kwanza njia nzima mpaka taa za nyuma, ndo upime. Kaa mbali na eksozi, mbali na paipu ya petroli, na ukiingia kwenye tanel (ule mfereji wa katikati ya gari) bana waya juu kabisa pembeni maana propshafti, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inazunguka hapo chini, ikidaka waya mmoja inavuta zote. Bana kila milimita 300, mkaguzi wa IVA (ukaguzi wa Uingereza wa gari la kujiundia kabla halijaingia barabarani) anaangalia hilo. Kila tundu la bati weka raba, na zinazoingia kwenye injini ziachie ulegevu kidogo sababu injini inatikisika.

Halafu athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chasisi, hapa sikilizeni. Madigadi ya fibaglasi hayapitishi umeme, kwa hiyo kila taa inataka waya wake wa athi mpaka kwenye chasisi. Kwangua rangi mpaka uone chuma, funga, paka grisi. Injini nayo ipe waya mnene kwenda chasisi, maana imekaa kwenye mipira.

Mwisho funga chanya kwanza, hasi baadaye, spana ikigusa chasisi hakuna cheche. Washa taa kabla hujagusa stata, ukisikia harufu ya plastiki ng'oa hasi hapo hapo.