Kubuni maktaba ndogo ya mtaa, hatua kwa hatua: kivuli kwanza, kuta baadaye

Karibu. Leo tunabuni jengo moja dogo, tangu kiwanja kikiwa kitupu mpaka modeli ya kupeleka mbele ya jopo. Ni maktaba ya mtaa: chumba kimoja cha kusomea na baraza lake. Kiwanja kiko Dar es Salaam, ubavuni mwa shule ya msingi. Mimi ni mwanafunzi wa ubunifu majengo, na kazi zangu zote za studio nazifanya kwa mpangilio huu mmoja: nachora kivuli kwanza, kuta zinafuata. Mazoea ya wengi ni kuanza na ramani. Vyumba vinapangwa kwenye karatasi, kisha paa linatafutiwa namna ya kufunika kilichokwisha kupangwa. Kwa joto la pwani, jengo la namna hiyo linaomba kiyoyozi tangu siku ya ufunguzi, na maktaba ya mtaa haina fedha ya kulipia umeme huo.

Andaa dira, hata ya kwenye simu inatosha. Andaa futi ndefu, daftari, karatasi laini ya kuchorea inayoonyesha mchoro wa chini yake, rula ya skeli, kadibodi, gundi, kisu cha kukatia na pini moja ndefu. Kompyuta iache kwenye begi kwanza.

Hatua ya kwanza ni kiwanja. Nenda asubuhi kama saa tatu, urudi siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Weka alama ya kaskazini kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote, maana mchoro usio na kaskazini hautakusaidia ukifika studio. Kisha chora njia ambazo watu wamezikanyaga wenyewe, miti, kelele zinakotoka, na mahali ambapo udongo una nyufa za tope lililokauka, kwa sababu hapo ndipo maji husimama.

Tazama hapa kwenye daftari langu. Upande wa magharibi kuna mwembe. Shina nimelipima, lakini kipimo ninachokihitaji zaidi ni upana wa matawi. Asubuhi kivuli chake kinaangukia nje ya kiwanja, kwenye njia. Saa tisa alasiri kimeshaingia ndani, na watoto wanaongoja wadogo zao watoke shule wamekaa humo, migongo kwenye shina, madaftari mapajani. Tayari wanasoma pale. Kazi yetu ni kuwaongezea kivuli, vitabu, na mahali pa kukaa mvua ikinyesha. Mwembe haukatwi, na kila mstari nitakaouchora leo utauheshimu.

Kabla hujaondoka, muulize mwenyeji. "Shikamoo mzee, maji ya masika hapa yanafika wapi?" Mzee wa nyumba ya jirani alinipeleka kwenye ukuta wake akanionyesha mstari wa tope, sentimita 30 hivi kutoka ardhini. Jibu hilo limeamua kimo cha sakafu yetu: sentimita 45 juu ya ardhi. Hakuna programu ya kompyuta ambayo ingenipa kipimo hicho.

Hatua ya pili, jua na upepo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo jengo linapopata umbo lake.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Tarehe 21 Juni linapita kaskazini mwetu, kimo chake kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Karibu tarehe 21 Desemba linapita kusini, kimo cha nyuzi 73 hivi. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, linapita utosini. Kama uko mji mwingine wa Afrika Mashariki kusini mwa ikweta, hesabu ni rahisi. Kwa Juni, chukua latitudo yako, ongeza 23.5, jumla yake uitoe kwenye 90. Kwa Desemba, toa latitudo kwenye 23.5, kisha jibu ulitoe kwenye 90. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, kwa hiyo utapata 62.5 kwa Juni na 70.5 kwa Desemba. Mbeya, karibu nyuzi 9, ni 57.5 na 75.5. Simamisha video ufanye ya kwako sasa hivi.

Jua la kaskazini na la kusini liko juu, linazuilika kwa ukingo wa paa. Jua la mashariki na la magharibi liko chini, linapenya chini ya paa lolote na kukupiga usoni. Basi jengo letu linalala kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi. Kuta ndefu zenye madirisha zinatazama kaskazini na kusini, na kuta fupi za mwisho hazina dirisha kubwa.

Upepo nao unakubaliana na uamuzi huo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huja kutoka kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Wavuvi wa pwani wanapanga safari zao kwa pepo hizi tangu zamani, nasi tupange madirisha kwa pepo hizo hizo. Fungua pande zote mbili ndefu. Upepo ukiingia bila kupewa pa kutokea, haupiti.

Sasa hesabu ya kivuli. Adhuhuri ya Juni, kila mita 1 ambayo paa limetoka nje ya ukuta wa kaskazini inashusha kivuli mita 1.7 kutoka ncha ya paa. Upande wa kusini, adhuhuri ya Desemba, mita 1 inashusha mita 3.3. Lakini usipime adhuhuri peke yake. Juni hiyo hiyo, karibu saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, mita 1 inakupa mita 1.25 tu kwenye ukuta wa kaskazini. Ncha ya paa letu iko mita 3 juu ya sakafu. Ukitoa paa mita 1.2 tu kaskazini, kivuli cha asubuhi kinashuka mita 1.5, na nusu ya chini ya ukuta inabaki juani. Ukilitoa mita 2, kinashuka mita 2.5, kinafika nusu mita kutoka sakafuni. Na ukingo wa mita 2 ni upana wa baraza! Hivyo baraza letu limepata upande wake, kaskazini, na halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Wazee watakaa hapo na gazeti, mama atamngoja mwanawe hapo, na wakati huo huo baraza linawakinga wasomaji walio ndani. Kusini mita 1.2 zinatosha kabisa kwa jua.

Hatua ya tatu: chora mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa katikati ukaona ndani. Tumia skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za jengo. Anza na mstari wa ardhi, panda sentimita 45 za sakafu, kisha mchore mtu aliyekaa kwenye kiti. Mchore kabla ya ukuta. Kiwiliwili na uso wake viko kati ya nusu mita na mita 1.2 hivi kutoka sakafuni, na upepo unatakiwa umguse hapo. Kwa hiyo kizingiti cha chini cha dirisha ninakiweka sentimita 60, siyo 90 zilizozoeleka, na dirisha linapanda mpaka linta, boriti ya juu ya dirisha, kwenye mita 2.4. Kumbuka hesabu yetu: kivuli kinafika nusu mita kutoka sakafuni, kwa hiyo dirisha lote liko salama. Wavu wa mbu hupunguza upepo, na fidia yake ni kupanua dirisha. Chumba kina upana wa mita 6. Kwa madirisha ya kimo hiki pande zote mbili, mwanga unafika katikati bila kuwasha taa mchana.

Sasa chora paa. Bati likishika jua la saa saba linamwaga joto lake lote chini, hivyo dari na bati wasigusane. Acha nafasi ya sentimita 40 au zaidi, iwe wazi pande zote mbili ili upepo upite na kuondoka na joto, kisha ziba kwa waya wa wavu, popo wasifanye makazi.

Wazo la kutenganisha dari na bati ninalipenda kwa sababu ya shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso. Francis Kéré aliibuni kwa ajili ya kijiji alichozaliwa akiwa bado mwanafunzi wa ubunifu majengo mjini Berlin. Ilikamilika mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Pritzker. Tazama mkato wake: kuta za matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, dari ya matofali yenye nafasi za kupitishia hewa ya moto, na juu yake, mbali na dari, bati lililobebwa na kenchi nyepesi za nondo. Wanakijiji walishiriki kuijenga. Mwanafunzi mwenzangu, kazi ya studio inaweza kuwa jengo la kweli ambalo watoto wanaingia na kusoma.

Lakini usinakili kila kitu. Gando ni joto kavu, na kuta nene za udongo zinafaa sana huko. Pwani yetu ina unyevu, usiku haupoi vya kutosha, na kinachomwondolea mtu joto ni upepo unaopita mwilini. Kwa hiyo kutoka Gando nachukua paa lililoinuliwa, na kuta nazifanya nyepesi na wazi. Ukitaka somo la paa lililo karibu nasi, nenda Kariakoo. Soko lile la miaka ya 1970, kazi ya Beda Amuli, ukilitazama kutoka barabarani linakuonyesha paa la zege kabla ya ukuta wowote.

Hatua ya nne ni ramani, na sasa inakwenda haraka kwa sababu mkato umeshaamua mengi. Chumba ni mita 12 kwa 6. Mwisho wa magharibi naweka stoo na ofisi ya mkutubi, zipokee joto la alasiri badala ya wasomaji, huku mwembe ukisaidia kwa nje. Mwisho wa mashariki ni ukuta mzima wenye rafu ndefu. Rafu za katikati zisizidi mita 1.2, zisizibe upepo. Kati ya rafu na rafu acha mita 1.2, kiti cha magurudumu kipite. Sakafu iko juu sentimita 45, na mteremko mzuri ni 1 kwa 12, kwa hiyo njia ya kiti cha magurudumu ina urefu wa mita 5.4. Ielekeze kwenye baraza, mlango ule ule wa watu wote, siyo nyuma. Pembeni yake ngazi tatu, kila moja kimo cha sentimita 15 na upana wa 30.

Ongeza maji. Paa letu, pamoja na kingo zake zote, ni mita 14 kwa 9.2, karibu mita za mraba 129. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 inaleta zaidi ya lita 6,400, na hata ukitoa asilimia 20 inayopotea njiani, tangi la lita 5,000 limejaa. Weka gata kusini, mteremko wake uelekee kwenye tangi, na tangi lisimame mbali na dirisha.

Hatua ya tano, modeli. Kata kadibodi kwa 1:50: chumba kinakuwa sentimita 24 kwa 12, baraza sentimita 4. Paa usiligandishe, litahitaji kutoka. Kwenye kitako cha modeli chora mstari wa kaskazini na kusini, kisha simamisha pini wima juu ya mstari huo, itokeze sentimita 5 kamili. Toka nje juani, inamisha modeli taratibu huku ukitazama kivuli cha pini. Kikilala juu ya mstari kuelekea kusini kwa urefu wa sentimita 2.9, modeli yako iko adhuhuri ya tarehe 21 Juni. Kikielekea kaskazini kwa sentimita 1.5, uko Desemba. Sasa ile asubuhi ya Juni: ncha ya kivuli ifike sentimita 4 kusini na sentimita 5.4 magharibi ya pini. Shikilia hapo hapo. Angalia ukuta wa kaskazini. Unaona? Kivuli kimepita chini ya kizingiti cha dirisha, na mwanga umeishia kwenye sakafu ya baraza na sehemu ya chini kabisa ya ukuta. Ukiona jua limeingia ndani, pima kimo cha ncha ya paa kabla ya kubadilisha kitu kingine. Mara nyingi kadibodi imepinda.

Baada ya hapo fungua kompyuta, uchore kwa usafi.

Siku ya kuwasilisha, tundika mkato wa 1:50 katikati, katika usawa wa macho, ramani kushoto kwake na mchoro wa kiwanja wenye mwembe kulia. Anza kueleza kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, kisha upepo unaomfikia, kisha paa. Pini iache kwenye modeli. Mjumbe wa jopo akiuliza habari za jua la Juni, mkabidhi modeli, mtoke naye nje, umwonyeshe sentimita 2.9, na mwache aiinamishe mwenyewe.