Kusikia Chini kwa Kidole
Mhadhara kwa vijana wa uvuvi, Likoni, Mombasa

Assalamu alaykum. Na wengine, hamjambo wanangu. Nimeambiwa nisipitishe nusu saa. Nitajaribu, ila mimi na saa hatujuani sana, najuana na maji.

Samaki wetu ni wa namna mbili. Kuna wapita njia, nguru, jodari, kolekole. Hao tunawarambazia: chombo chaenda, mshipi wafuata nyuma. Na kuna wenye nyumba, changu, chewa na jamaa zao wa mwambani. Hao hawafuatwi, wanateremkiwa. Kijana mmoja kaniuliza hapo mlangoni juu ya samoni, ati kaona kwenye simu watu wa Alaska na Kanada wakivua kwa boti ndogo kama zetu. Ni yale yale. Samoni anapita, anautafuta mto aliozaliwa akatage, basi wanamrambazia. Chini wana halibuti, samaki bapa alalaye mchangani, huyo wanamshushia chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi. Tofauti ni kwamba wenzetu wana mashine ya kuwaonyesha chini. Sisi tuna kidole.

Hapo nataka nikae kidogo.

Mshipi hauushiki kwa kiganja. Unaulaza juu ya kidole cha shahada, bila kuukaza. Chubwi likigusa mchanga, mshipi unalegea polepole, kama mtu aliyeketi kwenye godoro. Likigusa mwamba, utasikia "ta!", kisha linateleza na kugonga tena. Penye mchanga mtupu usipoteze chambo, vuta usogee. Penye mwamba inua kama mkono mmoja, usiliache chubwi lilale, maana likinasa umepoteza chubwi, ndoana na nusu ya asubuhi. Changu anadonoa mara mbili tatu, ukivuta kwa pupa unamnyang'anya chakula tu. Chewa hadonoi. Chewa anachukua na kurudi pangoni kwake, na una nafasi ya kuvuta mikono miwili kabla hajaingia. Akishaingia, usishindane naye, utakatwa. Legeza mshipi, tulia, zungumza na mwenzako. Mara nyingi hutoka mwenyewe akidhani mambo yamekwisha.

Lakini kidole hakisikii kitu maji yakikimbia. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3. Maji yote hayo lazima yapite mahali. Unashusha chubwi, mkondo unalichukua, unadhani uko chini kumbe mshipi umelala kama kamba ya kuanikia nguo. Waachieni wavuaji wa pweza bamvua lao, maji yakipwa kabisa saa nne saa tano asubuhi. Mshipi wa chini ni wa maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, na hata hapo samaki wazuri nimewapata pale maji yanaposimama, kabla hayajageuka.

Sasa nanga. Nilikuwa na umri wenu, msimu wa kusi unaanza, tuko watatu nje ya mwamba. Kwa uvivu nikaifunga nanga tezi, nyuma ya chombo, badala ya omo, mbele, kwa kuwa kamba ilikuwa karibu na mguu wangu. Wimbi la kwanza likatuinua nyuma. La pili likaingia ndani. Tezi ni zito, wavuvi wawili wamekaa hapo, na nanga inalivuta chini. Mwenzangu akashika upo kufua maji, nikampigia kelele aache, akate kamba kwanza. Kisu kilikuwa chini ya chambo, ndani ya kikapu, chini ya maji! Tulikipata. Tangu siku hiyo kisu changu hukaa kiunoni, na nanga hufungwa omo. Sijali bahari imelala vipi.

Jambo jingine, na najua halitawapendeza. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua wakubwa hugeuka madume. Kwa hiyo lile jitu mnalopigia picha ufuoni mara nyingi ndilo dume la mwamba ule. Na usiseme "nitamrudisha". Ukimtoa kina cha pima 20, hewa iliyo ndani yake inatanuka, macho yanatoka, tumbo linavimba. Ukimtupa anaelea tu, na mwewe anamwona kabla yako. Bora uhame mwamba mapema, ukishapata wa kukutosha.

Nusu saa imekwisha, naona mwenyekiti anakohoa. Kesho mwezi una siku nane tangu uandame, maji mafu. Yatajaa mnamo saa nne asubuhi. Wanaotaka kuja nami tukutane ufuoni saa kumi na mbili, tufike mwambani kabla hayajasimama. Chambo ni ngisi, nimeshanunua. Kila mtu aje na upo wake, mimi nina mmoja tu na umetoboka.