Mwendo wa kamati ya harusi: mwaka wangu wa kwanza wa mbio

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja, na shukrani kwa mwalimu mkuu aliyetufungulia darasa siku ya Jumamosi. Nimeombwa nizungumzie mwaka wangu wa kwanza wa kushiriki mbio, na katibu amenipa nusu saa. Wale tulio nao kwenye kundi la simu wanajua nitakachosema, maana nimekisema mpaka wengine wamenizoea. Nitakisema tena leo, kwa sababu kila Jumamosi klabu yetu ya mbio inapokutana hapo getini, naliona kosa lile lile. Wanakuja wapya kumi na watano, wanachomoka kama wamefukuzwa na nyuki, wiki ya tatu wamebaki wanne. Wale kumi na mmoja wako nyumbani wanasema mbio si za kila mtu. Inaniuma sana, kwa sababu si kweli. Kilichowatoa ni mwendo wa kasi mno.

Faida za mazoezi mmeshahubiriwa hospitalini, kanisani na msikitini, kwa hiyo sitapoteza muda huko. Nianzie Dar es Salaam.

Nilianza kukimbia Machi mwaka jana nikiwa na miaka 43. Agosti nikajiandikisha mbio za kilomita 10. Ijumaa jioni nikapanda treni hapa Morogoro, nikalala kwa mdogo wangu Mwananyamala. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimekaa kitandani nimeshabandika namba kifuani, pini nne, nazihesabu. Mlioshiriki mnaijua ile hali. Muziki unapigwa, mshereheshaji anapaza sauti, watu maelfu wamevaa fulana rangi moja, na mwili wote unakuambia leo unaweza kuruka.

Honi ikapigwa. Nilikuwa nimepangwa nyuma kabisa, nikaanza kupenya. Kilomita ya kwanza nikaimaliza kwa dakika 5 na sekunde 20. Mazoezini, mimi huyu, sijawahi kushuka chini ya dakika 7. Saa ya mkononi ilinionyesha wazi, nikaitazama, nikaendelea. Kupita watu kuna utamu wake, msiniambie hamuujui.

Karibu na kilomita ya pili, kabla ya kupanda Daraja la Tanzanite, nikawakuta akina mama wawili. Umri wangu, au wamenizidi kidogo. Mmoja amejifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo, mwenzake amevaa kofia iliyopauka. Wanakimbia bega kwa bega na wanazungumza. Hawanong'oni, wanajadiliana kama wamekaa barazani. Nikasikia, "Mapambo milioni mbili? Kwa ukumbi ule ule?" Mwenzake akajibu, "Na mwenyekiti kashapitisha, sisi tumeletewa tu." Kamati ya harusi, ndugu zangu. Nikawapita. Na nitawaambia ukweli, niliwadharau. Nikasema moyoni, hawa wamekuja kutembea.

Lile daraja ni zaidi ya kilomita moja, bahari huku na huku, na jua likishapanda hakuna pa kujificha. Kwenda nilikwenda. Tulipogeuza kilomita ya tano, koo limekauka. Kilomita ya sita miguu mizito kama nimevaa gambuti zenye tope. Ya saba nilikuwa nimesimama ukingoni mwa daraja, mkono kiunoni, natazama maji. Hapo ndipo nikasikia nyuma yangu, "...pilau la watu mia tatu, wewe unasema mchele kilo arobaini zinatosha vipi?"

Wameshamaliza mapambo, wamefika kwenye chakula! Kilomita tano nzima wamekimbia, ajenda imesonga na pumzi zipo pale pale. Yule wa kanga akanigeukia akasema, "Pole dada. Twende taratibu, utafika." Nikajaribu kwenda nao. Nilitaka kusema asante, nikaishia kwenye "asa".

Walimaliza kwa saa 1 na dakika 12. Mimi saa 1 na dakika 19, na nusu ya dakika hizo za mwisho nilikuwa natembea. Nikawatafuta, nikawakuta wanakunywa madafu. Nikawauliza wanafanyaje. Yule wa kofia akasema, "Tukishindwa kuzungumza, tunapunguza." Basi. Hakunipa ratiba, hakuniambia ninunue kitu.

Tangu siku hiyo nauita mwendo wa kamati ya harusi. Kipimo chake hakihitaji saa wala programu ya simu. Ukiwa unakimbia, uweze kusema sentensi nzima, yenye hesabu ndani yake, na kumjibu mwenzako anayekubishia. Ukianza kutoa neno moja moja, punguza. Ukipunguza bado hutoi sentensi, tembea mpaka irudi, halafu uanze tena. Ukikimbia peke yako, soma sala zako kwa sauti au imba ubeti. Mazoezi mengi ya juma yawe hivyo. Siyo siku moja halafu nyingine zote unafukuzana na bodaboda.

Sasa kwa nini? Hapa naomba utulivu, maana ndipo watu wanaponikatiza. Unapoanza kukimbia, moyo na pumzi vinaitika upesi. Wiki ya sita unajisikia umefunguka, ngazi zilizokuwa zinakuhemesha unazipanda unaongea na simu. Lakini kano na mifupa haviendi kwa kasi hiyo. Kano inapata damu kidogo kuliko msuli, na mfupa unajijenga upya taratibu. Vinahitaji miezi mingi. Kwa hiyo kuna kipindi pumzi inakuruhusu kufanya jambo ambalo mguu haujawa tayari kulibeba, na ndicho kipindi tunachowapoteza watu wetu.

Mimi mwenyewe Mei nilikaa nje wiki tano. Ugoko wa kushoto, upande wa ndani, sehemu ndogo ya kufunikwa na kidole gumba. Nikiigusa naruka. Daktari aliniambia mfupa ulikuwa unaelekea kupata ufa. Nilikuwa na pumzi za kutosha wakati ule, nilijiona nimeshakuwa mkimbiaji. Na hata baada ya hapo nikaenda Dar nikafanya niliyoyafanya, mjue jinsi kosa hili lilivyo gumu kung'oka.

Kuna na habari ya akiba. Ukienda taratibu mwili unatumia zaidi mafuta yake, na mafuta hata mtu mwembamba anayo ya siku nyingi. Ukikaza, unategemea zaidi sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, na hiyo ni ndogo, inakwisha. Mnaowaona wamekaa kwenye ukingo wa barabara, macho yametoka, wengi waliitumia mwanzoni wakati muziki unapigwa.

Najua mtakalosema. "Mwalimu, nikikimbia polepole nitabaki polepole. Wakenya mbona wanaruka?" Haya, twende Kenya. Nendeni Iten alfajiri mkaone. Makundi ya watu wenye medali za dunia wanaanza kwa mwendo ambao vijana wetu hapa wangewapita kwa kuwaonea huruma. Wanaburuza miguu, wanapiga soga, mwili unapata moto kidogo kidogo. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 za Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Hiyo ni kama dakika 2 na sekunde 52 kwa kila kilomita. Siku zake za mazoezi mepesi anakwenda zaidi ya dakika nzima polepole kuliko hapo, kwa kila kilomita. Mtu yule! Wewe mwenye wiki ya tatu unakwenda kasi yako yote Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, unamfuata nani?

Na kuna baba yangu mmoja hapa, namuona anatabasamu, kila nikisema haya ananiletea Filbert Bayi. Baba, shikamoo tena. Ni kweli. Christchurch, Februari 1974, mita 1,500, Bayi alichukua uongozi mwanzoni kabisa na hakuna aliyemwona usoni mpaka utepe. Dakika 3, sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Ninajivunia kama unavyojivunia. Lakini ile ni chini ya dakika nne za mtu aliyejiandaa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Huwezi kuichukua ukaipeleka kwa mama wa watoto watatu anayeanza kilomita tano Bigwa.

Mimi nakuletea Alphonce Simbu. Tokyo, Septemba 2025. Tuliirudia ile picha ofisi ya walimu mpaka kengele ya kipindi ikatupita. Kilomita 42, na yeye na Mjerumani Amanal Petros wakaandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Iliyowatenganisha ni kamera, sehemu 3 za mia za sekunde. Wakiingia ile mita mia ya mwisho Mjerumani yuko mbele, Simbu anakuja. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Sasa zile hatua za mwisho zingetoka wapi kama angezitumia kilomita ya kumi?

Februari mwaka huu nikaenda Moshi, Kilimanjaro Marathon, nusu yake, kilomita 21. Waliokwenda wanaijua. Unatoka mjini unapanda kuelekea Mweka, unapanda, unapanda, migomba na kahawa pembeni, halafu unageuza na kuteremka. Siku hiyo nilikataa kukimbizwa. Pale mwanzo nilipitwa na watu mpaka nikabaki na nafasi tupu mbele na nyuma. Nikampata kijana wa Arusha, tukapanda tunazungumza habari za ada ya mdogo wake, anasomea ufundi, muhula umeanza hela haijatimia. Tulipofika penye mwinuko mkali sentensi zilikuwa fupi, basi tukapunguza. Watoto wamejipanga barabarani wamenyoosha viganja tuvipige, na bibi mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwake na kanga ya usiku bado begani, anatuambia poleni, mmoja mmoja, poleni, kama anahesabu.

Kupanda saa 1 na dakika 24. Kuteremka saa 1 na dakika 7. Kwenye mteremko tulipita watu wengi mno, wengine wameshika mapaja, misuli imekaza, wengine nilikuwa nimewaona mgongoni tu asubuhi. Kila niliyempita nilimwambia, "Pole, twende taratibu." Na nilipoingia uwanjani nilikuwa na sauti ya kumpigia mume wangu simu papo hapo, nikamwambia weka chai.

Katibu ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo ya raba. Niseme tu ya mtumba si dhambi, ila ikunje kabla hujanunua, soli ikiwa imekauka iache. Maji: kunywa kwa kiu, usijaze tumbo kwa woga, maji kupita kiasi nayo yanadhuru. La kina mama kukimbia alfajiri nilitaka kulizungumza kwa kirefu na halistahili dakika moja, lakini nasema hivi: kati ya hapa na Msamvu kuna sehemu mbili hatupiti peke yetu, na kila mwanamke aliyemo humu anazijua bila mimi kuzitaja. Akina baba wa klabu, mmoja aondoke nyumbani dakika kumi mapema akakutane na akina mama. Tumeliomba tangu Januari.

La mwisho, na hili sitaliruka hata taa zikizimwa. Novemba nilikuwa kwenye mbio, sitazitaja, nikamsindikiza jirani yangu aliyekuwa anashiriki kwa mara ya kwanza. Kilomita ya nane, meza ya maji haipo. Chupa zimetapakaa chini, meza imeshapakiwa kwenye gari. Tulipofika mwisho, lile tao la kumalizia linatolewa upepo, na medali zimekwisha. Alilipa kiingilio kile kile alicholipa aliyemaliza mwanzo. Alikimbia jua kali kuliko wote, muda mrefu kuliko wote, bila maji. Alilia, nami nilikuwa nimemshika mkono. Mwaka 1968 kule Mexico, kwenye marathoni ya Olimpiki, John Stephen Akhwari wetu aliingia uwanjani goti limefungwa bandeji, saa 1 na dakika 5 baada ya mshindi, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Tunamsimulia kila siku. Tunamsimulia kwa sababu mstari wa kumalizia ulikuwepo, na kuna watu walikuwa bado wamekaa.

Sisi tunaandaa mbio zetu Oktoba. Nataka iandikwe kwenye muhtasari wa leo, katibu andika: meza ya maji inaondoka baada ya mtu wa mwisho kupita, na mwenyekiti anabaki mstarini mpaka aingie. Kama pesa hazitoshi tupunguze spika.

Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, hapa getini. Wapya wote mtakimbia na mimi, kilomita nne, na kila mmoja aje na habari ya kusimulia. Atakayenipita kabla ya kona ya kwanza nitamwita arudi.

Nimeona mikono. Mama pale nyuma, karibu, uliza.